Darasa la jioni la sarufi ya Kiingereza, Nsambya: artikali zimefundishwa vizuri, maswali ya taarifa yameharakishwa

Mimi ni katibu wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Kampala. Wanachama wetu huzungumza Kiswahili mkutanoni, lakini kumbukumbu lazima ziandikwe kwa Kiingereza, na kila mwezi zilikuwa zikirudishwa kwangu kwa makosa yale yale mawili: artikali, yaani vile vijineno “a”, “an” na “the”, na maswali ya watu ninayoyaandika kwa usemi wa taarifa. Ndiyo sababu nililipa shilingi 80,000 na kuhudhuria kwa wiki 8 darasa la jioni linalofundishwa katika chumba cha kukodi huko Nsambya.

Kwa upande wa artikali, sijapata kufundishwa vizuri namna ile. Badala ya kutukaririsha kanuni, mwalimu aliandika ubaoni “nimeona kitabu” na “nimekiona kitabu”, kisha akatutaka tueleze tofauti. Darasa zima lilijibu bila kusita kwamba kitabu cha pili ni kile ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua tayari. Kwa hiyo maana ambayo Kiingereza huibeba kwa “the” tulikuwa nayo siku zote, nasi huweza kuidokeza kwa kiambishi kidogo ndani ya kitenzi. Alitutahadharisha tu kwamba mifumo hiyo miwili hailingani kila mahali. Baadaye alitumia ramani ya Uganda: “the Nile” lakini “Lake Victoria”, “the Rwenzori Mountains” lakini “Mount Elgon”. Kuhusu “an”, alisisitiza kwamba kinachoamua ni sauti wala si herufi, ndiyo maana husemwa “an hour” na “a university”, na mbunge huwa “an MP”.

Maswali ya taarifa yalipewa vipindi viwili tu, na vitenzi visaidizi kama “can”, “will” na “must” havikupata hata saa nzima. Hapo ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anapohitaji muda zaidi, kwa kuwa sisi husema “aliuliza mkopo utakuwa tayari lini” na ile “-ta-” hubaki palepale, ilhali Kiingereza, kitenzi cha kuripoti kikiwa cha wakati uliopita, kwa kawaida hugeuza “will” kuwa “would”, “can” kuwa “could” na “may” kuwa “might”. Aidha, mpangilio wa swali huvunjwa, kiima kikatangulia kitenzi: “When will the loan be ready?” huwa “He asked when the loan would be ready”, wala si “when would the loan be ready”, kosa ambalo nimeliandika kwa miaka. “Could”, “would”, “might” na “should” hubaki kama zilivyo. Haya yote yalisemwa, lakini upesi mno, na mazoezi yalikuwa ya kujaza nafasi tu. Hakuna aliyeandika hata aya moja ikasahihishwa.

Kijitabu cha darasa nacho kina kosa. Kinadai kwamba “must” hugeuka “had to” kila mara. Ni kweli kwamba “Must I sign?” huweza kuwa “She asked if she had to sign”, lakini “must” inaweza pia kubaki, na inapoeleza dhana ya msemaji, kama katika “He must be ill”, kuigeuza hivyo kunaharibu maana. “Shall” vilevile imewekewa jibu moja, ingawa “Shall I open the window?” inayoomba ushauri huripotiwa kwa “should”, na “When shall we know?” inayouliza habari za baadaye huripotiwa kwa “would”.

Anayesumbuliwa na artikali ajiunge bila wasiwasi. Mwenye kazi ya ukatibu kama yangu aombe mapema vipindi vya ziada vya usemi wa taarifa. Nilipomwonyesha mwalimu ukurasa huo wa kijitabu wenye kosa alikubali, akaufuta mstari wa “must” katika nakala yake mbele yetu. Nakala zinazouzwa mlangoni bado hazijasahihishwa.