Symphonie fantastique ya Berlioz ukumbini: uzoefu wangu wa viti vya nyuma

Kama Symphonie fantastique, muziki mrefu wa okestra wa mtunzi Mfaransa Hector Berlioz, umeisikia kwa spika za masikioni tu, nusu yake bado hujaipata. Nasema hivi baada ya kuishuhudia hapa Paris kwa tiketi ya bei ya chini kabisa: viti vilivyo nyuma ya okestra, ambako unamtazama mwongozaji usoni na wapiga ngoma wako chini ya pua yako.

Kwanza kisa chenyewe, maana bila hicho utashangaa vurugu zote zile ni za nini. Berlioz alikuja Paris kusomea udaktari, akautupa akafuata muziki. Mwaka 1827 akamwona Harriet Smithson, mwigizaji kutoka Ireland, akiigiza kama Ophelia katika Hamlet ya Shakespeare. Akapagawa. Kiingereza chenyewe kilimpiga chenga, barua anaandika, bibie kimya. Basi yote akayamwaga kwenye simfoni: msanii aliyekata tamaa anakunywa afyuni ili afe, dozi haitoshi, analala na kuota amemuua mpenzi wake, anakatwa kichwa, halafu wachawi wanafanya sherehe kwenye mazishi yake. Ilipigwa mara ya kwanza tarehe 5 Desemba 1830, François-Antoine Habeneck akiongoza. Berlioz alikuwa na miaka 26, na Beethoven, gwiji wa simfoni kabla yake, alikuwa amefariki miaka mitatu tu nyuma. Harriet alikubali kuolewa naye mwaka 1833. Baadaye wakaachana, na mtu aliyesoma kisa hicho hapo juu sidhani atauliza kwa nini.

Mpenzi huyo ana wimbo wake, na unarudi katika sehemu zote tano. Sehemu ya kwanza nzuri, ya pili ni dansi yenye vinubi vinne. Baada ya hapo vinubi havina kazi tena. Wapigaji wake walibaki wamekaa mikono mapajani hadi mwisho, nikawaonea huruma.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Kwenye rekodi watu wengi huiruka, ni ndefu na ya polepole. Wachungaji wawili wanaitana shambani. Mmoja yuko jukwaani na oboe kubwa yenye sauti nzito, ukoo mmoja na zumari zetu za pwani. Mwenzake anajibu kwa oboe ya kawaida, na huyo humwoni: amefichwa nje ya jukwaa. Watu wa safu yangu waligeuza shingo kumtafuta. Dakika nyingi baadaye yule wa jukwaani anaita tena. Safari hii hajibiwi na mtu, zinajibu radi za mbali, na radi hizo ni watu wanne kwenye timpani, zile ngoma kubwa za okestra. Niliwaona wakiinama, sikio karibu kabisa na ngozi, wakiigusa kwa kidole kuhakikisha sauti imekaa sawa kabla ya kuanza. Walipiga taratibu mno hata nilihisi mtetemo kwenye kiti kabla ya kusikia chochote. Spika gani itakupa hiyo?

Sehemu ya nne, kupelekwa kukatwa kichwa, inapita haraka. Klarineti inaanza wimbo wa mpenzi, panga linashuka, nyuzi zinadonolewa: kichwa hicho kinadondoka. Jirani yangu alicheka kwa sauti, na nadhani alikuwa na haki. Kwenye ya tano wimbo ule ule unarudi kwa klarineti ndogo ya kukwaruza, umegeuzwa dhihaka, kisha kengele na Dies irae, wimbo wa zamani wa Kanisa wa misa ya wafu. Wapiga fidla wanageuza upinde na kugonga nyuzi kwa mti wake, kama mifupa inayogongana.

Malalamiko ninayo. Kengele zilikuwa za mabomba membamba, zikalia kama za mlangoni. Nilitaka kengele nzito za kanisani. Halafu ukikaa nyuma, tromboni na tuba, ala za shaba zenye sauti nzito, zinameza fidla, kwa hiyo katika sehemu mbili za mwisho fidla utazisikia kwa mbali.

Kwa yuro 15 nitarudi, ila nitachagua kiti cha pembeni, juu kidogo, upande wa timpani. Muda ni kama dakika 55 bila mapumziko, hivyo maliza shughuli za chooni mapema.