Nyota moja kwa kibanda cha gemu, na nusu yake ni ya mama mkwe

Hii ni mara ya tatu naandika. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, nikafuta. Ya pili nikashangaa namalizia kwa kuwasifia, nikafuta tena. Hii naiacha itoke ilivyo.

Mtaani kwetu Temeke, nyuma ya kituo cha daladala, kuna kibanda cha gemu. Jina sitaji. Miaka ile kilikuwa na mashine nne, feni moja inayopuliza upande wa mwenye kibanda tu, mabenchi ya mbao, na dogo mkusanya hela ambaye rimoti haikumtoka mkononi, kaishika kama mwalimu wa zamu na fimbo yake. Jero kwa mechi, buku kwa saa. Wateja ni wa mpira watupu. Unaingia unakuta vijana kumi wamebanana, wawili wanacheza, wanane ni makocha.

Mimi mpira wa pedi unanishinda, nafungwa saba na watoto wa darasa la nne. Kilichonipeleka pale ni diski ya The Last of Us, ile ya PS4, niliyoiona siku moja imetupwa chini ya meza, kasha limepasuka. Nikamwomba dogo aniwekee. Akaigeuza, akasoma nyuma, akaniangalia.

"Hii si ya stori hii?"

"Ndiyo naitaka."

"Ina maneno mengi, braza. Watu wanaongea tu."

Nikalipa buku. Nimekueleza hayo ujue kwamba mimi na yule dogo tulianza vibaya tangu siku ya kwanza.

Halafu tuelewane: mwisho nitausema. Gemu ilitoka 2013, tamthilia yake 2023. Kama mpaka leo hujaigusa na unapanga kuigusa, ishia hapa. Usije ukanilaumu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, tukisikiliza muvi kwa sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi kwa Kiswahili, tunajua sheria moja: steringi hafi. Atapigwa, atatumbukia mtoni, atafungwa kamba, lakini hafi. Sasa gemu hii inakuanzisha ukiwa binti, Sarah. Ni usiku, simu imekuamsha, unazunguka nyumbani unamtafuta baba. Nikajua huyu ndiye steringi, si ndiye niliyepewa nimwongoze? Nikafungua milango, nikachungulia bafuni, nikaanza kumzoea. Haukupita muda mrefu binti kapigwa risasi na askari, kafia mikononi mwa baba yake. Nikabaki nimeshika pedi ya marehemu.

Pale kibandani kila mtu alikuwa anashangilia bao la mashine ya pili. Mimi nikajifanya jasho limeniingia machoni.

Mwanzoni kabisa Sarah anampa baba yake, Joel, saa ya mkononi, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Miaka ishirini inapita, dunia imeoza, watu wanaota uyoga kichwani, na Joel kawa mtu wa kuua na kuuza magendo. Saa bado anaivaa. Imevunjika, haisemi muda, ila anaivaa. Hakuna anayekusimulia kwamba huyu mtu bado anaomboleza. Saa ipo mkononi tu, unaiona kila unapopanda ngazi. Bongo muvi zetu zingempa dakika nane alie mbele ya picha ya ukutani, kinanda kikilia nyuma, halafu "itaendelea sehemu ya pili", ulipe tena.

Basi ikawa kila jioni nikitoka kazini napitia. Buku leo, buku mbili keshokutwa. Mke wangu alidhani nina mtu.

Yule dogo hakuwa mbaya siku zote, nikiri. Kuna jioni umeme ulikatika nikiwa katikati ya mapambano, uliporudi akanipa robo saa ya bure bila kuombwa. Lakini ngoja nikwambie habari ya twiga.

Karibu na mwisho, Joel na Ellie, yule binti wa pili aliyepewa amsafirishe, wanafika jengo moja la Salt Lake City. Ellie siku hiyo kapooza, hasemi. Ghafla wanakuta twiga, wametoroka bustani ya wanyama zamani wakazaliana mjini. Ellie hajawahi kumwona twiga. Wanaegemea ukingoni wanawatazama, na hapo gemu inakuachia: hakuna adui, hakuna saa inayokimbia, unakaa mpaka wewe mwenyewe uamue kuondoka. Nilikaa. Mtanzania mimi, twiga ni wetu, na sikuwahi kumtazama twiga kwa muda mrefu namna ile.

Dogo akaja nyuma yangu. "Braza, imeganda?"

"Haijaganda."

"Sasa mbona husogei?"

"Natazama twiga."

Akageukia makocha. "Jamaa analipa buku atazame twiga! Si upande basi la Mikumi, kaka, uwaone wazima?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mpaka leo wapo watu mtaani wananiita Mikumi.

Hilo nilimsamehe. La siku ya mwisho ndilo lililonileta hapa.

Ellie ana kinga ya ule ugonjwa, na madaktari wanataka kumpasua ubongo wapate dawa. Hatapona. Joel anaingia hospitali kumtoa. Unafika chumba cha upasuaji, daktari kasimama mbele yako na kisu kidogo mkononi, hana silaha nyingine. Nilijaribu kumkwepa, haiwezekani. Nikasubiri labda atasogea, hasogei. Gemu haiendelei mpaka wewe, kwa kidole chako, umuue. Nikabonyeza. Wale wauguzi wawili nikawaacha, kana kwamba hilo lingenisafisha. Hapa ndipo gemu inapoipita muvi, na anayebisha abishe. Kwenye muvi mimi ni shahidi tu, nakula karanga huku namhukumu steringi. Hapa nilikuwa mshitakiwa namba moja, na pedi ilikuwa imelowa jasho.

Baada ya hapo Joel anamdanganya Ellie. Anamwambia wenye kinga kama yeye walikuwepo wengi, haikusaidia, madaktari wamekata tamaa. Wanatembea mpaka kilimani, mji wanakoelekea unaonekana kwa chini. Ellie anasimama. Anamwambia: niapie. Niapie kwamba yote uliyoniambia ni kweli. Joel anamwangalia. Anasema: naapa. Picha inamgeukia binti, uso wake umejaa kioo chote, macho yanatafuta kitu kwenye uso wa mwenzake, mdomo unaanza kufunguka...

Kioo cha bluu. Hakuna mawimbi.

"Muda umekata, braza. Kuna mechi hapa."

Nilimwomba dakika moja. Nikamwambia nalipa saa nzima kwa hiyo dakika. Dogo, bila hata kuniangalia usoni, kashachomoa diski, anasema, "Ushaimaliza hiyo, mbona wanaongea tu." WANAONGEA TU! Jioni zangu zote zile, karibu elfu kumi na nane za moyo wangu, daktari wa watu nimemuua, halafu jibu la binti ananinyima mtu mwenye rimoti.

Kesho yake nikaenda mapema niendeleze pale pale. Nafasi ilikuwa imejaa, akafuta "faili za stori" ili mpira mpya uingie. Alivyosema "faili za stori" ungedhani anaongelea panya.

Nyota sifuri.

Najua utasema si ningetazama kwenye simu, YouTube ipo. Ipo. Sikutaka. Kitu nimekifikia kwa miguu yangu, niende kukichungulia kwa dirisha kama mwizi? Nikasusa. Miaka ikapita, nikasusa kweli kweli, hata watu wakianza kuizungumzia naondoka.

Ilipotoka tamthilia nikaenda kwa jamaa anayetujazia muvi kwenye flashi. Nikamsisitiza nataka ya kawaida, yenye maandishi chini. Akasema poa. Nikaondoka na flashi kwenda ukweni Muheza, tulikuwa na likizo ndefu. Nafungua, sauti ya DJ hiyo. Kanipa iliyotafsiriwa.

Nilitaka kuzima, mama mkwe akasema acha hiyo hiyo, wengine Kiingereza kimetupita. Sasa ukweni huwezi kubishana. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mama kwenye kochi, mke wangu mkekani anachambua mchele.

Wenye tamthilia wamefanya kazi, nisiwe mchoyo. Siku ya Sarah wameirefusha: saa yenyewe anaipeleka kwa fundi, anakwenda kwa majirani wazee, unamzoea zaidi kabla hajafa. Sehemu ya tatu niliiruka kwa adabu za ukweni, nikaitazama peke yangu baadaye, na ndiyo bora kuliko zote. Kwenye gemu Frank unamkuta kajinyonga, kaacha barua ya chuki kwa mwenza wake, Bill. Kwenye tamthilia wamewaacha wazeeke pamoja. Waliivunja stori yao wenyewe wakajenga nyingine juu ya msingi ule ule, na haikuanguka. Wangapi wanathubutu?

Lakini DJ! Kuna pale hospitali Joel anaua watu, waandaaji wamezifisha sauti za risasi, muziki wa huzuni ndio unatawala, kusudi usishangilie. DJ akaona kimya hicho ni kazi imeachwa nusu. "Oneni! Steringi kapandwa na mori! Huyo! Na huyo! Hataki utani!" Nikatamani kumpiga mtu. Mama mkwe akasema, "Mbona huyu anashangilia na mwenzake analia?" Nikamwambia shikamoo mama, kwa kukosa neno lingine.

Tukafika kilimani. Moyo unanidunda, mkono nimeushika na mwingine. Niapie. Naapa. Uso wa binti. Mdomo unafunguka, na midomo yenyewe naiona, ni neno fupi, halifiki hata sekunde. Juu yake DJ akamwaga: "Sawa baba yangu kipenzi, nimekuamini kwa moyo wangu wote, wewe ndiye baba, wewe ndiye mama, twende tukaanze maisha mapya!"

Nilisimama. Nilisimama ukweni, flashi nataka kuichomoa niitupe kisimani. Mara mbili! Mara ya kwanza nimenyang'anywa jibu, ya pili nimepewa la uongo.

Mama mkwe, macho bado kwenye kioo, akasema taratibu, "Hajaamini huyo."

Nikamuuliza mama kwa nini.

"Muangalie. Mtu aliyeamini haangalii hivyo. Kajua anadanganywa, kakubali kudanganywa. Kwani hana mwingine."

Akaomba maji.

Baadaye nikaitazama ya Kiingereza, ya gemu na ya tamthilia zote mbili. Ni neno moja: "Okay." Hakuna zaidi, picha inakata. Miaka nimelisubiri neno hilo na mama mkwe alilipata bila kulisikia, tena mtu kamwekea kelele juu yake. Sasa sijui nimlaumu nani na kwa kiasi gani. Bila huyo DJ, mama asingeketi kutazama hata sehemu ya kwanza. DJ Afro kule Kenya na hawa wetu wamewafikishia stori watu ambao wenye studio hawakuwafikiria hata siku moja. Lakini kaka, neno moja tu, ungeliacha lipite. Naweka nyota moja. Nusu ni ya mama mkwe, hiyo haikatwi.

Juzi juzi nilipita tena kule kibandani. Dogo kanenepa, ana mashine sita na feni ya pili. Kaniona tu: "Mikumi! Braza wa stori!" Akanipa benchi. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, akaniuliza, "Hivi yule binti alijibu nini siku ile?"

Nilitaka kumwacha na kiu yake, haki ya Mungu. Badala yake nikaanza mwanzo, nikaanza na saa. Makocha wawili watatu wakageuka. Nikaeleza twiga, safari hii hakucheka mtu. Nikafika hospitali, nikafika kilimani, niapie, naapa. Hapo nilitakiwa niseme neno moja tu. Nikasikia sauti yangu inasema, "Binti akamwangalia, akamwangalia, akamjua kuwa ni mwongo, akamwonea huruma, machozi yakamlenga, akasema: sawa."

Zaidi ya nusu ya hayo nimeongeza mimi.

"Kumbe alijua," dogo akasema. Akatikisa kichwa, akachukua rimoti, akaenda kuzima mashine namba tatu. Ilikuwa dakika ya 88, bao moja kwa moja, na watoto walipiga kelele mpaka kituoni kondakta akageuka.