Mche wa "Sida": Upi Ununue na Uutambueje

Mwenye kitalu karibu na Mbale, Uganda, akikuambia kwamba mche alioushika ni wa "sida", usitoe pesa bado. Jina hilo, litokalo kwenye neno la Kiingereza "cedar", hubeba miti kadhaa, na mwerezi halisi wa Lebanoni, ule unaotajwa katika Biblia, ni nadra kuwa mmojawapo.

Kwa anayeishi nyanda za juu, nafasi ya kwanza naupa mtarakwa, ambao wengine huuita mwangati. Ni mti wa asili wa Mlima Elgon na milima ya Karamoja, hustawi kati ya mita 1,500 na 3,000 hivi, na hukua polepole mno. Faida yake iko moyoni: mbao nyekundu yenye harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, ambayo mchwa huiacha. Mti mzima hutambulika kwa majani madogo kama magamba yaliyobana vijiti, gome linalobanduka kwa nyuzi ndefu, na matunda laini ya buluu iliyokoza yenye vumbi jeupe. Miti dume haizai, kwa hiyo kukosa matunda si ushahidi wa lolote.

Taabu iko kwenye mche, kwa sababu mtarakwa mchanga una majani ya sindano, na saiprasi changa nayo huanza hivyo hivyo. Mimi nililipia miche arobaini kando ya barabara. Miaka ilipopita ikazaa vitunda vigumu vya mviringo, vilivyogawanyika vipande vipande kama mpira ulioshonwa, nikajua kwamba nilikuwa nimelea saiprasi. Tangu hapo huomba kwanza kuonyeshwa mti mama, au hutafuta mbegu katika Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti kilichopo Namanve.

Anayeishi chini, tuseme Jinja au Kampala, aanze na sederela, iliyotoka Amerika ya kitropiki na iliyo jamaa ya mkangazi. Hii haifichiki: jani lake lina vijani vingi vilivyopangwa pande mbili za kikonyo, nawe ukikisugua kimoja kati ya vidole utasikia harufu ya kitunguu saumu. Mbao yake nyepesi ndiyo ya masanduku ya sigara. Ipandwe mbali na msitu wa asili, kwani mbegu zake hupeperushwa na upepo, na katika msitu wa Kimboza, Tanzania, imekwisha kuvamia.

Saiprasi naiweka ya tatu. Hukua haraka na hukatika vizuri ikiwa ua, lakini vidukari huikausha, na nguzo yake isiyotiwa dawa haidumu ardhini.

Mwerezi halisi ni wa mwisho, maana ni mti wa milima yenye baridi kali. Sindano zake hutoka kwa vishada vya nyingi pamoja, ilhali za msonobari ni mbili hadi tano tu.

Anayenunua nguzo badala ya miche aulize zilikokatwa, kwa kuwa Elgon ni hifadhi ya taifa, kisha atazame ncha iliyokatwa. Wekundu ndio unaolipiwa. Ukingo mweupe utaliwa na mchwa. Aigonge pia, kwani mitarakwa mizee mara nyingi huoza ndani ikawa mitupu.