Pakiti ya kufumia mtoto wa bandia: sindano nimezipenda, macho nayatoa

Assalaam alaykum watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mnanikuta nimekasirika, na kilichonikasirisha ni kitu ambacho nusu yake nakipenda, ndiyo maana nimewasha simu hata kazi sijaimaliza. Hii hapa, pakiti ya kufumia mtoto wa bandia, ile mlioniulizia sana kwenye maoni. Ndani mna nyuzi za sweta rangi tano, sindano mbili, pamba ya kujazia, karatasi ya maelekezo na macho. Hayo macho ndiyo kesi yenyewe, tutafika.

Nyuzi sizielezi, akriliki ni ile ile mnayoijua. Inafulika, inakauka upesi, pasi usiisogeze.

Sindano sasa. Leta simu hapa mwanangu, usitikise. Za mianzi hizi, tena zimesuguliwa vizuri, hakuna kijiti kinachokamata uzi. Waliojifunza kwa sindano za chuma wananielewa: kaskazi ikishavuma viganja vyote maji, chuma kinateleza, ukigeuka kumjibu mtu vitanzi vyako vyote vimeshuka mapajani. Mianzi inakishika kitanzi. Kwa mtoto anayejifunza, wallahi hizi ni nzuri. Hapo nawapa haki yao.

Kufuma kwenyewe hakuna kazi. Ni kipande kimoja cha mstatili. Vitanzi 40, unaanza na nyeusi ya viatu mistari 6, suruali 20, shati 16, uso 12, kofia 12. Unakikunja, unashona mgongo, unajaza. Uzi mmoja unaupitisha shingoni na kuubana, mwengine unakaza kofia juu. Mshono katikati ya suruali, umepata miguu. Mshono kila upande wa shati, mikono hiyo. Ukijua kufuma kwenda na kurudi tu, umemaliza masomo.

Lakini tazameni unene wa sindano. Zimeandikwa milimita 4. Kwa uzi huu, 4 ni sawa ukifuma sweta, sweta linataka kupumua. Mtoto wa bandia hataki kupumua, anataka kubana! Nnalivuta shati hivi kwa vidole viwili. Mmeona weupe huo? Pamba hiyo, inachungulia. Angefumwa kwa milimita 3 angetoka mdogo zaidi, sawa, lakini ameshikana. Na usiniambie nitie sufi badala ya hii pamba ya dukani, najua misufi tunayo na mito yetu ndiyo hiyo hiyo. Sufi ina nywele laini mno, zitatoka kwenye matundu haya moja moja, na siku ukimfua zinagandamana, mtoto anabaki na bonge tumboni.

Haya, macho. Jicho lenyewe ni kitufe cheusi cha plastiki chenye mguu, na mguu una michirizi. Unautumbukiza kwenye kitambaa, kwa ndani unatia kisahani hiki, unasukuma mpaka kinalia ka! ka! Kikishalia hakirudi. Nimejaribu kukitoa kwa kucha, kwa meno, kwa koleo la fundi umeme wetu wa hapa nyumbani. Hakitoki. Kwa hiyo utasema dada, si ndiyo salama hiyo? Subiri.

Sogea, sogea zaidi. Nnalishika jicho lenyewe, sivuti kwa nguvu, nnavuta kama mtoto anayeota meno anavyovuta. Jicho na kisahani vimeshikana vile vile. Ila angalia kitambaa. Kitanzi hiki kinafunguka, cha pembeni yake kinafunguka, kisahani kinalala ubavu… na huyo! Jicho na kisahani chake, vyote viwili kiganjani mwangu, havijaachana. Kitambaa ndicho kilichotoa njia. Sasa hichi kipimeni na koo la mtoto wa miezi minane. Mimi sitaki hata kukitazama.

Na kinachonichoma khasa ni hiki. Nyuma ya pakiti, chini kabisa kwenye kona, ile alama ya uso wa mtoto uliopigwa mstari, 0 mpaka 3, maana yake hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Yaani wanajua! Geuza mbele sasa: picha ya kitoto kinatambaa, mtoto wa bandia mkononi. Mama anayenunua anatazama picha, nani anayesoma kona?

Dawa yake ni uzi mweusi. Usianzie usoni, chomeka sindano shingoni kwenye ule mkunjo, fundo lizame ndani, tokea pale unapotaka jicho. Mishono mitatu midogo, mmoja juu ya mwengine, vuka jicho la pili, fanya vivyo hivyo, rudi utokee shingoni, kaza, kata. Mdomo ukipenda, wekundu kidogo. Tazama, huyu ameshanitazama na yeye. Anyonywe, atafunwe, hamna jicho la kutoka.

Wallahi wala sikubuni mimi. Watoto wa bandia wa uzi wana historia nzuri. Kanada kulikuwa na mwanajeshi, Mark Isfeld, akigawia watoto wa Croatia vidoli alivyofumiwa na mamake, Carol. Aliuawa na bomu la ardhini huko huko mwaka 1994, na mama akaendelea kufuma, na mpaka leo watu wanawafuma kwa jina lake. Mtoto wa bandia wa namna hiyo anakwenda mbali, anakwenda mkononi mwa mtoto usiyemjua kabisa. Sasa umtie kitufe?

Mtaniandikia, najua, nyie wa sindano ya ndoana, ile moja yenye ncha iliyopinda. Kweli, ya ndoana inabana zaidi na macho yanakaa. Kubali nimekubali. Lakini hiyo ni elimu nyengine, na mtu wa sindano mbili asilazimishwe kuhama kwa sababu ya kampuni kutia sindano kubwa.

Bei. Nimeinunua elfu 28 hapa mjini, na dada mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia kwao kaambiwa elfu 35, eti nauli ya boti. Pakiti haijai hata kapu! Yule mtoto wa plastiki anayeuzwa viwanja vya sikukuu ni rahisi zaidi, simkatai, ila mkono wake unang'oka kabla ya Idd Mosi kuchwa. Mimi ningekushauri ununue sindano peke yake, za mianzi, milimita 3, na nyuzi uokoteze mabaki ya masweta uliyonayo. Mwanzo wa video nilitaka kusema msinunue kabisa. Nimelegea, kwa sababu ya sindano. Ukishainunua, macho mpe mwenye kushona mikoba.

La chaneli: video za Ijumaa zinahamia Jumamosi usiku baada ya isha, umeme ukikubali. Inayofuata ni nywele za mtoto wa bandia, za kusuka, kwa ombi la mabinti wa Chake. Na mwenye kujua duka la Pemba lenye sindano za milimita 3 aandike hapo chini, maana hilo swali nimeshindwa kulijibu.