Nilinunua darubini ya nyota, nikaishia kwa fundi wa vitanda

Nianze na soja wetu. Usiku wa kwanza nilipopita langoni nimekumbatia bomba jeupe la karibu mita moja, alinimulika na tochi akauliza, "Mkubwa, huo ni mzinga wa nini?" Wiki chache baadaye fundi seremala naye akataka kujua kama ni mzinga wa nyuki. Sasa nimezoea.

Mzinga wenyewe ni darubini ya kioo. Niliiagiza mtandaoni mwishoni mwa Agosti 2025 kwa Sh26,000, ikaletwa na bodaboda hadi hapa Section 58, Nakuru. Kioo kikuu kina upana wa milimita 114, na mwanga husafiri milimita 900 kabla ya kukutana mbele ya jicho. Ndani ya boksi mlikuwa na lenzi tatu za kuchungulia, za milimita 25, 10 na 4, pamoja na kikuzaji cha mara tatu. Ubavuni mwa boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 675. Hesabu yao si ya uongo: 900 gawanya kwa 4, zidisha kwa 3. Uongo uko kwenye matumizi. Kioo cha upana huu hakivumilii zaidi ya mara 228 hivi, yaani mara mbili ya milimita zake, na ukivuka hapo unachokuza ni ukungu. Niliijaribu hiyo 675 kwenye mwezi, nikaona uji unaotokota.

Mlikuwa pia na kichujio cheusi, kidogo kama kifuniko cha soda, eti cha kutazamia jua, unakifunga kwenye lenzi ya jicho. Nilikipiga nyundo siku hiyo hiyo. Kioo kinakusanya joto lote la jua na kulimwaga juu ya kipande hicho. Kikipasuka, jicho limekwenda. Kutia kitu kama hicho kwenye boksi lenye picha ya mtoto ni makosa, nikamwandikia muuzaji nikamwambia hivyo. Kwa hilo, mpaka leo kimya.

Sasa stendi. Hapa ndipo penye kilio changu.

Dunia inazunguka, kwa hiyo kila unachokitazama kinatembea. Stendi hii imeundwa ili uifuate nyota kwa kuzungusha kitasa kimoja tu, sharti kwanza mhimili wake uwe sambamba na mhimili wa dunia. Mtu wa London anaulenga kwenye Polaris, nyota ya kaskazini, ambayo kwake iko nyuzi 51 hivi juu ya upeo, basi kazi imekwisha. Sisi Nakuru tuko kama theluthi ya nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Polaris kwetu imelala kwenye upeo wenyewe, na upande wangu wa kaskazini umezibwa na Menengai, mlima wenye kreta. Kijitabu kinasema, kwa utulivu kabisa, "tafuta Polaris." Niitafute ndani ya kreta?

Nikasema basi, nitakadiria kwa dira. Mhimili inabidi ulale karibu bapa. Skrubu ilifika nyuzi 15 hivi ikagoma. Nilipoilazimisha, lile jiwe la chuma la kusawazisha likawa linagonga mguu wa stendi, na stendi nzima ikaanza kuinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Nilimuuliza muuzaji kama angeichukua stendi peke yake na kunirudishia chochote. Alisema bidhaa haina kasoro, na kwa kweli haina, ukiwa unaishi Ulaya.

Tarehe 7 Septemba mwezi ulipatwa. Ulifunikwa wote kuanzia saa mbili na nusu usiku, ukakaa hivyo dakika 82. Nilikuwa nimemwahidi binti yangu kwamba tutauona kwa darubini, tukapanda juu ya paa mapema. Saa tatu ilinikuta bado napigana na skrubu, tochi mdomoni. Yeye alikuwa amelala chali kwenye mkeka kando ya tangi la maji, anatazama kwa macho yake tu. "Baba, mwezi umekuwa rangi ya matofali," akasema. "Acha hiyo, njoo." Nikaiacha, nikalala kando yake.

Wiki iliyofuata nilibeba bomba hadi kwa fundi anayetutengenezea vitanda. Nilichomchorea si wazo langu. Ni mtindo wa John Dobson, aliyekuwa mtawa San Francisco, akatengeneza darubini za mbao na kuziweka kando ya njia wapita njia wachungulie. Ni kisanduku cha plaiwudi kinachobeba bomba, juu ya kigoda kinachozunguka. Linakwenda juu na chini, kushoto na kulia, basi. Ili kigoda kiteleze bila kukwama, tulikata vipande vitatu vya kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Pamoja na vanishi, Sh3,200. Alipokuja jioni kuangalia kazi yake nilimwelekezea mwezi. Alichungulia muda mrefu, akanyanyuka. "Ningejua ni ya kuonea hivi," akasema, "ningekutoza zaidi."

Tangu hapo mambo yamenyooka, ingawa si yote. Picha ya boksi ina sayari ya Zohali (Saturn) yenye pete pana kama ukingo wa sinia. Nilichoona mimi Oktoba ni duara dogo la manjano lililochomwa na sindano. Sababu ni kwamba tarehe 23 Machi 2025 dunia ilipita kwenye usawa wa pete zile, nazo ni nyembamba mno, kwa hiyo ukizitazama kwa ubavu ni kama hazipo. Hilo hutokea kila baada ya miaka kama 15. Zitafunguka vizuri tena kuelekea 2032. Mwaka mbaya wa kununua niliuchagua mwenyewe, simlaumu mtu.

Mshtarii (Jupiter) ilinilipa. Januari 2026 ilikuwa juu sana na inang'aa kuliko nyota yoyote. Kwa lenzi ya milimita 10, yaani mara 90, mikanda miwili ya wingu inaonekana wazi, pamoja na miezi ile minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Usiku mmoja niliikuta mitatu tu. Nilipotazama tena saa nne na nusu, wa nne ulikuwa umechomoza kama kipele kwenye ubavu wa sayari, na dakika kumi baadaye ukawa umejitenga kabisa. Kwa ukuzaji huo sayari hukatiza kioo chote kwa dakika mbili hivi, kwa hiyo kila zamu ya binti yangu huisha kwa kelele za "imetoroka!" nami naisukuma kwa kidole.

Kero nyingine nazitaja haraka. Umande unafunika lenzi kufikia saa tano. Kioo kinataka nusu saa nje kipoe, la sivyo kila kitu kinacheza. Mulika mwizi, ile taa kubwa ya mtaani kwetu, hamuliki mwizi peke yake. Na mawingu! Watu wa Pwani husema Kilimia, kile kishada cha nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mvua yetu ya Agosti haijapata habari hiyo.

Ndiyo maana usiku bora nimeupata kwa wakwe, Siaya, siku tatu kabla ya Krismasi, mwezi ukiwa mchanga na taa za karibu zikihesabika kwa vidole. Mama mkwe aliinama kwa adabu, akachungulia, akasema, "Ni nzuri sana, baba, asante." Ndipo nikaona kifuniko sijakitoa. Hakuna aliyecheka, angalau si mbele yangu. Mara ya pili nilimwonyesha lile wingu lililo katikati ya nyota za Orion, mahali nyota mpya zinapozaliwa, umbali ambao mwanga unautembea miaka kama 1,300. Alikaa nalo kimya. "Huo moshi," akauliza, "ni wa nani?"

Kwa hiyo kioo nakipa nyota nne kwa tano. Lenzi ya milimita 25 ndiyo ninayoitumia zaidi, ya milimita 4 haijatoka kwenye boksi tangu Septemba. Ukiwa kati ya Nakuru na Kisumu na unataka kununua, tafuta iliyo kwenye kigoda cha kuzunguka tu, au nunua bomba peke yake umpelekee fundi wako. Stendi yangu ya kiwandani haina hata mkwaruzo, mke wangu anaanikia soksi. Lile jiwe la chuma liko jikoni, linazuia mlango usijifunge kwa upepo.