TAHADHARI: Anayeuza "dawa ya kuzuia maji" kwenye ndoo isiyo na nembo na kubandika vigae bafuni, Lamu

Assalaam alaykum jamaa. Huyu mtu ameshapita Langoni na Shela, na sasa nasikia ameonekana Mokowe. Mlio na bafu la kujenga au kurekebisha, tafadhali someni kabla hamjatuma hata shilingi moja.

Anakuja nadhifu, simu imejaa picha za mabafu yanayong'aa, na maneno anayo. Anasema yeye ni fundi na ni muuzaji pia: dawa ya kuzuia maji anayo, gundi anayo, kuta zote zinaisha siku moja. Dawa yenyewe iko kwenye ndoo ya plastiki tupu, haina jina wala tarehe. Ukimuuliza kopo lake liko wapi, anakwambia ameimimina ili iwe rahisi kupakia botini. Kwetu sisi jibu hilo linaingia akilini, maana mizigo yetu inavushwa maji na kumalizia safari juu ya punda. Ndiyo maana watu wanamkubali.

Mimi kazi yangu ni vigae. Niliitwa na bi mkubwa mmoja wa Langoni, bafu lake liko juu, vigae vya ukutani vimeanza kudondoka na hata mwaka haujaisha. Nilikishika kimoja, kikatoka kwa mkono tu, sikuhitaji patasi. Kukigeuza, gundi yote imebaki mgongoni mwa kigae, na juu ya gundi kuna utando mweusi, laini, unanata vidoleni na unanuka mafuta taa. Ni lami iliyozimuliwa. Bi mkubwa akaniambia, "Mwanangu, aliniapia kuwa hii ndiyo wanayopaka meli."

Lami inazuia maji, hilo sibishi, na ina mahali pake kwenye misingi na mapaa. Lakini gundi ya vigae ni ya simiti, na simiti haishikani na lami, tena lami yenyewe ikiwa imetiwa mafuta taa na haijakauka. Dawa ya bafuni ina kazi mbili kwa pamoja: izuie maji, na ikubali gundi juu yake. Iko ya unga wa simiti inayochanganywa na maziwa yake, yaani majimaji meupe yanayouzwa pamoja nayo, na iko ya majimaji inayokauka ikawa kama mpira. Zote huja na maelezo kwenye pakiti, na humo mtaona imeandikwa kama vigae vinabandikwa juu yake au la. Ndoo tupu haina maelezo, na kwake hiyo ndiyo faida.

Na msikubali mkiambiwa kwamba vigae vyenyewe vinatosha kuzuia maji. Grauti ya simiti, ile inayojazwa kwenye viungo kati ya vigae, inanyonya. Maji yanapita kwenye viungo, na kinachoyasimamisha ni ile dawa iliyo nyuma. Huyu bwana alibandika kila kigae kwa matonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, badala ya kuitandaza yote kwa mwiko wa meno. Nyuma kukawa na mapango. Maji yakaingia humo, yakatulia, yakatafuta njia ya kushuka.

Yakashukia kwenye boriti. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nyumba zetu za zamani zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na dari za boriti za mikoko. Zimedumu kwa sababu chokaa inapumua: unyevu ukiingia, unatoka. Ukipaka lami upande mmoja, unyevu unafungiwa ndani ya ukuta, chumvi inachanua upande wa pili na lipu inavimba. Chini ya lile bafu, chumba cha wajukuu, boriti mbili zimeshakuwa nyeusi, na moja ukiichoma kwa bisibisi inaingia. Kigae utanunua kingine. Boriti ya dari ya zamani kuibadilisha ni kazi ya kufumua sakafu nzima.

Alipopigiwa simu alikuja mara moja, akapaka silikoni kwenye viungo, akaomba pesa nyingine. Akija kwenu na silikoni mkatalieni. Juu inafunika ufa, lakini maji yaliyokwisha kuingia yanabaki ndani. Ukuta uliopakwa lami hauna dawa ya kupaka juu: lami ikwanguliwe, na lipu iliyoinyonya ing'olewe, ndipo kazi ianze upya.

Kazi ya kweli haiishi siku moja. Lipu mpya ya simiti inaachwa ikomae kwanza. Pembe zote, na pale ukuta unapokutana na sakafu, hutiwa kitambaa au wavu ndani ya dawa. Kisha dawa ipakwe mikono miwili, yaani mara mbili, wa pili ukikata wa kwanza, na kati yao kungojea kama pakiti inavyosema. Panapomwagika maji dawa ipande karibu mita 2, si kuishia kiunoni. Sakafu iteremke kwenye tundu kiasi cha sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita.

Halafu, kabla ya kigae cha kwanza, zibeni tundu, jazeni maji sakafuni, yakae saa 24, mtu aangalie chini. Fundi anayekataa jaribio hilo mpeni nauli aende. Kwenye sakafu ya boriti sentimita 2 za maji zinatosha. Kila sentimita moja ni kilo 10 kwa mita mraba, msiitwishe dari ya zamani mzigo bure.

Mnaponunua, dawa ifunguliwe mbele yenu, na tarehe ya mwisho isomwe. Kwa bidhaa za humu nchini tazameni alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Gundi ya mfuko iliyoshika mabonge kwa unyevu wa bahari irudisheni dukani. Huyu mtu hutaka pesa kwa namba yake binafsi, na namba imeshabadilika. Lipeni dukani kwa till, namba ya malipo ya duka lenyewe, na mpewe risiti.

Ambao tayari amewafanyia: gongeni kila kigae kwa kishikio cha mwiko. Kikilia kitupu, acheni kuoga hapo na mwondoe watoto na vyombo chumba cha chini yake. Msifute ujumbe wa M-Pesa wala picha zake alizowatumia. Nendeni nazo polisi mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na mtakaotaka kudai, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Bi mkubwa ameshaandikisha. Mwingine mwenye ujumbe wenye jina lile lile aniandikie faraghani, twende pamoja.