Uzoefu wangu na kitabu cha mapishi cha Bi Skaarup

Kwanza niondoe utata wa jina: "Bi" hapa si neno letu la kumheshimu mwanamke, bali ndilo jina alilojulikana nalo Bi Skaarup (1952–2014), mwanaakiolojia na mwanahistoria wa chakula wa Denmaki, aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Jiji la Copenhagen na baadaye akawa rais wa akademia ya upishi ya nchi yake. Mimi nilimjulia jikoni, kupitia Middelaldermad, kitabu cha mapishi ya zama za kati alichoandika pamoja na Henrik Jacobsen.

Nakala yangu ni ya mtumba. Muuzaji aliisifu kuwa safi, lakini ilipofika kurasa kadhaa zilikuwa zimegandana kwa kitu ambacho bila shaka kiliwahi kuwa siagi, na malalamiko yangu hayajajibiwa hadi leo. Kidenmaki changu ni cha dukani, hivyo nilisoma polepole, kamusi ikiwa pembeni.

Nilianza na mchuzi wa mabwana, ambao asili yake ni hati ya Kidenmaki iliyonakiliwa mnamo mwaka 1300: karafuu, kungumanga, iliki, pilipili manga na tangawizi kwa kipimo kimoja, mdalasini ulingane na hivyo vyote vikijumlishwa, kisha mkate uliobanikwa mara mbili ya viungo, visagwe pamoja na kulainishwa kwa siki kali. Nilipokuwa nikitwanga, jirani yangu Mtanzania alibisha hodi kuuliza pilau inaiva saa ngapi. Alipoonja alikunja uso, kwa kuwa siki hutangulia na utamu wa mdalasini huja baadaye sana. Kwa kuku wa kuchoma, hata hivyo, tuliumaliza siku ya tatu, ingawa hati inasema hukaa nusu mwaka. Karafuu ya zama hizo haikuwa ya Unguja, maana mikarafuu ilifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, bali ilitoka Maluku, visiwa vya Indonesia ya leo.

Kinachonifanya niuamini upishi huu ni mkono wa mchimbaji. Hati husimulia meza ya mabwana tu, ilhali mifupa na mbegu zilizofukuliwa katika mashimo ya vyoo vya kale huonyesha walichokula watu wa kawaida, na vyungu vyao vya miguu mitatu, vilivyojibebea mafiga, huonyesha jinsi walivyopika juu ya makaa.

Nimeshaagiza kitabu kingine cha Skaarup, Renæssancemad cha mwaka 2006, kuhusu jiko la enzi ya mfalme Christian IV wa Denmaki, na safari hii nimelipia nakala mpya.